Mwenye Kisu Kikali Huambulia Shingo

Kuna msemo unaopendwa na wanasiasa na makocha wa mpira: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Aliyeutunga hakuwahi kukaa Kapalamsenga. Mimi kisu kikali ninacho, kitongoji kizima kinajua ninacho, na nyama ninayoijua ni shingo. Shingo ya mbuzi, ambayo ukitoa mfupa unabakiwa na mfupa mwingine.

Hodi hupigwa saa kumi na moja alfajiri, jogoo wangu mwenyewe akiwa hajaamua kama leo anawika au anapumzika. Natoka. Mlangoni kasimama kijana wa jirani, kakusanya mikono mbele kama anayesubiri komunyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Umeamkaje mzee? Mama naye kaamka salama? Na goti, linaendeleaje?"

Hapo hapo najua. Miaka yote hii nimejifunza kuwasoma: anayekuja kukopa hela huanza na mvua, anayeleta posa huanza na historia ya ukoo, na anayetaka kuazima kisu huanza na goti langu. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za goti halafu siku hiyo asife mbuzi.

"Tuna kijishughuli kidogo pale nyumbani mzee. Tunaomba kisu. Tunakirudisha sasa hivi."

Sasa hivi ya kwetu haina uhusiano na saa. Mara moja ilichukua siku kumi na moja, na kisu kikarudi kimepitia nyumba nne ambazo sikuziazima, upande mmoja kina magamba ya kuhe na upande wa pili kina utomvu wa papai. Mara nyingine kilirudi kimekatia bati. Bati la nyumba! Fundi aliniambia, "Mkasi wa bati haukuwepo mzee," kwa sauti ya mtu anayenisamehe.

Na si kisu cha dukani. Visu vya dukani vya siku hizi ukikata nyanya vinapinda, ukikata kitunguu vinalia navyo. Hiki changu kilifuliwa na fundi chuma kutoka kipande cha springi ya lori, mpini ni wa mninga, na mpini ulipopasuka niliuzungushia waya wa shaba nilioupata kwa kijana mmoja wa machimboni. Upande wa mama mimi ni Mfipa, na Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma chao wenyewe kwenye matanuru marefu kuliko mtu, malungu, hawakusubiri meli ilete kisu. Damu hiyo ninayo. Kila Jumapili jioni nakaa na jiwe langu la mtoni, namwagia maji, nakipitisha taratibu, pembe ile ile, kwenda na kurudi. Watu wanapita wananiona. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia, "Mzee, kumbe na mimi nyumbani nina kisu na mawe yapo, hebu nikanoe." Wanapita wanasema, "Hongera kwa kazi," na machoni mwao naona tayari wanapanga siku ya kuniuliza habari za goti.

Wangeazima kisu tu ningeshukuru. Siku hizi wanaazima kisu pamoja na mwenye kisu.

Kuchinja si kazi yangu. Kwetu Wakristo na Waislamu tunakula sinia moja, kwa hiyo anaitwa mzee wetu mmoja Mwislamu, anapiga bismillahi, anakata mara moja, ananawa, anakwenda zake kunywa chai. Kisu anachotumia msiniulize ni cha nani. Baada ya hapo tunabaki mimi, mbuzi, tawi la mwembe na washauri.

Mbuzi mmoja ana washauri tisa. Nimewahesabu misiba na harusi, hawapungui. Kila mmoja alikuwa na babu aliyechuna nyati peke yake gizani, na kila mmoja ana maoni. "Anzia pajani." "Usianzie pajani!" "Huyo mnamkosea, mgeuze." Hakuna anayeshika mguu. Ukiomba mtu ashike mguu, wote tisa wanakumbuka simu zao.

Basi kwa faida ya hao tisa, niseme mara moja ili nisirudie. Ngozi ya mbuzi haichunwi kwa kisu, inachunwa kwa ngumi. Kisu kinafungua njia tu: duara kwenye kila goti, mstari ndani ya paja, mstari wa kifuani, basi. Ukishapata pa kushika unaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, unasukuma kwa vifundo vya vidole, na ngozi inaachia kama soksi iliyolowa. Ukikaa unaparura na kisu utaitoboa ngozi, au utaacha nusu ya nyama imeng'ang'ania huko na mwenye mbuzi aanze kukutazama kama mwizi. Mkono unaoshika manyoya haushiki nyama. Hasa kama marehemu ni beberu, maana harufu ya beberu ikishaingia kwenye mchuzi hakuna tangawizi itakayoitoa.

Tumbo ndipo watu wanapoaibika. Unatoboa kidogo, unaingiza vidole viwili, unakiweka kisu katikati ya vidole makali yakitazama nje, unashuka polepole kama unayefungua barua ya mtu. Umio unaufunga kamba kule juu na utumbo mpana unaufunga kule mwisho, ili kilichomo kibaki kimo. Kibofu unakishika kama yai. Nyongo unaitoa na kijipande cha ini ilikojishika, usijifanye bahili. Afadhali upoteze ini la kidole kimoja kuliko nyongo ipasuke na shughuli nzima ile mchuzi mchungu. Halafu viungo. Shoka la nini? Shoka linavunja mfupa vipande vipande na wiki nzima watoto wanatema vijiti. Kiungo kinatafutwa kwa ncha ya kisu, kama unavyopapasa tundu la kufuli gizani. Ukilipata, mguu unaachia wenyewe.

Yote hayo yafanyike kabla jua halijakaa sawa, maana ikifika saa nne nzi wa Kapalamsenga nao wanakuja kutoa ushauri.

Nikimaliza, paja ni la mwenye shughuli, kidari cha wazee, mgongo wa wakwe. Maini washauri wameshayachoma na kuyamaliza wakati mimi bado nanawa. Kisha mtu anasema kwa sauti ya ukarimu mkubwa, "Jamani, na mzee wetu mwenye kisu tusimsahau," na ninafungiwa shingo kwenye jani la mgomba.

Sasa mwezi wa nane mwaka jana akaja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Anaishi Marekani, jimbo la Wisconsin, anafanya kazi kwenye kiwanda cha jibini. Dada yangu akiulizwa jibini ni nini huwaambia watu ni maziwa yaliyoharibika kwa makusudi. Kijana alishuka na treni mpaka Mpanda, akapanda gari mpaka huku kwetu, akafika mwekundu kwa vumbi hata mama yake alimtambua kwa meno. Wengine aliwaletea viatu na simu. Mimi akaniambia, "Mjomba, yako ni ya mwisho, ina sanduku lake." Nikalala nikiota redio.

Jioni ya pili tukiwa tumekaa mwembeni akatoa simu kutuonyesha maisha ya huko. Picha ya kwanza theluji. Ya pili theluji. Ya tatu ni yeye amepiga goti kwenye theluji hiyo hiyo, kavaa koti la rangi ya chungwa kali kama mtu wa barabara, mkononi kashika pembe za mnyama aliyelala, mkubwa, mnene, pembe zimetoa matawi kama mti wa mpera.

"Swala wa Marekani," akasema. "Nilimpiga mwenyewe."

Baraza zima likanyamaza. Mzee wetu mchinjaji akatazama nyuma yake, akatazama barabarani, akasema taratibu, "Zima simu."

"Kwa nini mzee?"

"Futa hiyo picha. Na ukishaifuta, ifute na kule zinakokwenda picha zilizofutwa."

Msimcheke. Mkoa wetu una Hifadhi ya Katavi tangu mwaka 1974, kilomita za mraba 4,471, humo mna nyati, viboko, pofu, swala pala na ndugu zao wote, na sisi tunakula migebuka. Nyama ile tunaiona kwenye kalenda. Mtu akikutwa na kipande kwenye sufuria husikia kwanza maneno matatu, nyara za serikali, halafu mengine mawili, uhujumu uchumi, na kuanzia hapo hesabu inakuwa ya miaka. Wapo waliokwenda kwa miaka ishirini na ushei kwa mnofu ambao usingeshibisha harusi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ni ya 2009, lakini mambo ya kibali hayakuanza nayo: Mjerumani Hermann von Wissmann alishatoa amri yake ya uwindaji mwaka 1896, kwa hiyo babu zetu nao walikuwa wakitafuna huku wakitazama nyuma. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za maduka ya nyamapori, unaweza kununua kihalali na ukapewa karatasi yako. Tatizo ni kwamba karatasi hiyo lazima uitunze vizuri kuliko nyama.

Kijana akaeleza kwamba kule ana leseni, kaikata kwa hela yake. Msimu wa bunduki ni siku tisa, mwezi wa kumi na moja. Koti la rangi kali ni la lazima ili wasipigane risasi wao kwa wao. Sheria ya huko tangu 2016 inaruhusu hata waridi inayong'aa. Wanyama hao wamezidi, wanakula mazao, wanagonga magari. Serikali inafurahi watu wakiwapunguza.

"Na ukishaua unauza?" akauliza mshauri mmoja, biashara ikiwa imeshamkaa kichwani.

"Hapana. Nyama ya kuwinda ni marufuku kuuza. Unakula na familia, au unagawa."

"Loo." Akapoteza hamu na nchi hiyo.

Ikazuka vita ya jina. Mmoja akasema huyo ni kulungu. Mwingine akasema kulungu tunamjua, yupo porini hapa, pembe zake zimenyooka na kujisokota kidogo, hazina matawi. Katekista akamaliza ubishi: ndiye ayala wa Zaburi. Miaka yote tumekuwa tukimwimba kanisani bila kujua sura yake. Mpwa wangu akaongeza kwamba pembe zile huanguka zenyewe kila mwaka, zikaota mpya, tofauti na za swala ambazo akiota ndiyo zake mpaka kaburini. Na kwamba Afrika nzima mnyama wa jamii hiyo mwenye asili ya hapa yuko kaskazini tu, Algeria na Tunisia. Mzee mchinjaji hakupendezwa. "Pembe zinaanguka? Mbuzi wangu akiangusha pembe mimi simwimbi, namwita afisa mifugo."

Kesho yake sanduku likafunguliwa. Halikuwa redio.

Lilikuwa jeusi, la plastiki ngumu, na ndani kila kitu kimelala kwenye tundu lake kama watoto wa bweni. Kulikuwa na kisu kikubwa, kisu kidogo kilichopinda, na kisu chenye ndoana mgongoni, ambacho eti unakikokota tumboni na ngozi inafunguka kama zipu. Msumeno wa mifupa. Mkasi mnene wa kukatia mbavu. Kijiti cha kutanulia kifua kisijifunge. Kitu kama henga ya koti, ila ya chuma, ya kumtundikia mnyama kwa miguu ya nyuma, na kamba yake na kapi zake. Na glavu: jozi moja fupi, jozi moja ndefu mpaka begani.

"Vifaa vya kupasulia ayala, mjomba," akasema. "Nikakukumbuka wewe."

Nilishukuru. Nilishukuru kwa mdomo. Moyoni nilijiuliza kosa langu ni nini hata mtu avuke bahari kuniongezea kazi.

Mshauri mmoja alizishika glavu ndefu, akazinyoosha, akatabasamu. "Hizi nazijua. Ni zile anazovaa mtaalamu akija kupandisha ng'ombe kwa mrija." Kuanzia dakika hiyo kina mama walimwangalia mpwa wangu kwa macho mengine, na mmoja alimvuta dada yangu pembeni kumuuliza kama kijana kule ameoa.

Mbuzi akanunuliwa kwa mfugaji wa Kisukuma, ambaye alisikia Kiswahili kinachopumzika katikati ya maneno, akajua huyu kaja na ndege, akapanga bei ya ndege. Mpwa wangu akatangaza kwamba leo mjomba atapumzika, kazi yote ataifanya yeye kwa vifaa vya kisasa. Nikaleta kiti. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikawa mshauri. Niwaambieni ukweli, ni kazi tamu sana.

Mzee mchinjaji alipewa kisu kikubwa cha sanduku. Akakipitisha kwenye ukucha, akakirudisha. "Lete cha springi." Cha springi kilikuwa kimeazimwa tangu juzi. Mtoto akatumwa, akapita nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, akakikuta kwa wachimbaji wa shaba wakikatia mkate. Saa nzima mbuzi alisimama pale anatutazama, akaanza kuzoeana na watu.

Nisiseme uongo, visu vya sanduku vilikuwa vikali. Kimoja kilinikata kidole wakati nakisifia. Ila ile ndoana! Kwa ayala mwenye ngozi nene huenda inafungua zipu; kwa mbuzi wetu ilikusanya manyoya, ikajaa, ikakwama, na kijana akawa anaivuta huku mbuzi mzima anamfuata. Nikasema kwa upole wa kishauri, "Jaribu ngumi." Akasema kule pia wapo wanaochuna kwa ngumi. Nikafurahi kusikia kwamba Wisconsin nao wana wazee.

Kisha kapi. Mbuzi akafungwa kwenye ile henga, kamba ikapitishwa tawini, na mpwa wangu akawaita vijana watano wavute. Hakuwaeleza kwamba kapi zile hupunguza uzito. Vijana wakakamata kamba kama wanavuta mtumbwi kutoka ziwani, wakahesabu moja, mbili, tatu, na mbuzi akapaa. Alipita usawa wa vichwa vyetu, akapita tawi la chini, akaingia kwenye majani. Ilibidi apande mtoto kumshusha. Mbuzi yule siku nzima alikuwa akijaribu kuupanda mwembe ule kula majani, akaja kufanikiwa akiwa marehemu.

Tumbo alilifungua vizuri, hapo nampa haki yake. Alikata kiwambo cha kifua, akakata koromeo juu, akavuta, na vitu vyote vikatoka kwa pamoja vikaingia kwenye karai bila tone la nyongo. Washauri tisa walikosa la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nizaliwe. Kisha akalinyanyua karai, akageuka, akauliza kwa heshima zote:

"Hivi vya kutupa nivipeleke wapi?"

Ndege waliokuwa wanalia wakaacha.

"Vya nini?" akauliza dada yangu.

"Vya kutupa, mama. Kule tunaviacha porini pale pale. Kunguru wanakula, na mbweha."

"Utumbo?"

"Ndiyo."

"Makongoro?"

"Nayo."

"Kichwa?"

"Kichwa wengine wanakikausha wanatundika ukutani sebuleni."

Dada yangu alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Mama mmoja akamshika bega. Hakuna aliyelia, lakini hali ilikuwa ile ya nyumba inayosubiri maiti kutoka hospitali. "Mwanangu," akasema mwishowe, "na mimi nilikuwa nawaambia watu kuwa huko unakula vizuri." Wakampokonya karai. Kwa saa mbili zilizofuata kina mama waliosha tumbo, wakaugeuza utumbo kwa kijiti ndani nje, wakausuka kuzunguka vipande vya taulo kama nywele za bibi harusi, wakaunguza makongoro na kichwa motoni mpaka manyoya yakaisha, na kila aliyepita akapewa mkasa huo upya: kunguru, eti kunguru ndio wanaokula makongoro.

Jioni kijana akajitetea kwa jambo moja ambalo mzee mchinjaji alilikubali. Alisema jimboni kwake tangu mwaka 2002 wamegundua ugonjwa unaowakondesha wanyama hao mpaka kufa, hivyo wawindaji wengi hupeleka tezi za shingoni kupimwa kabla ya kula. Ndiyo maana ya glavu. Mzee akatikisa kichwa. Alikumbuka homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007, waliougua wengi walikuwa wamechinja au wamegusa damu. Akakumbuka na kimeta: mnyama aliyekufa mwenyewe, damu nyeusi isiyoganda inachuruzika puani, huyo hapasuliwi hata kama njaa inakukodolea macho, anaitwa afisa mifugo. "Glavu si mchezo," akasema. Ila kuhusu zile za begani yule mshauri hakubadili msimamo.

Nyama ikakatwa. Msumeno ukakwama mfupani, nikainuka kwenye kiti changu kitamu, nikachukua kisu changu, nikawatafutia viungo. Mpwa wangu akasimama mbele ya mafungu, akasema kwa adabu aliyolelewa nayo, "Mjomba, wewe ndiye wa kwanza. Chagua sehemu unayotaka."

Nikavuta pumzi. Miaka yote hii. Nikainua kidole kuelekea kwenye paja la nyuma, la kulia, lile lenye mafuta kidogo kwa juu.

"Yeye huwa anachukua shingo," wakasema washauri, wote tisa.

"Ah, sawa," akasema kijana. Akanifungia shingo.

Sanduku nalo halikudumu. Aliyeanza ni fundi wa bati, alikuja akauliza habari za goti, akaondoka na mkasi wa mbavu, na sasa anakatia bati bila wasiwasi. Kapi na kamba zipo machimboni, zinapandisha ndoo za mawe ya shaba kutoka shimoni, na nasikia zinasifiwa. Msumeno uko kwa seremala. Glavu za begani kachukua mrina asali, anasema nyuki wa porini wamebaki kushangaa. Henga mama watoto wangu kaitundika jikoni, inabeba sufuria nne. Visu sijui. Wote wanarudisha sasa hivi.

Mpwa wangu aliondoka mwanzoni mwa Septemba. Jumapili iliyofuata nikatoa jiwe langu, nikaweka maji, nikanyoosha mkono kwenye paa pale ninapokichomeka kisu, nikashika nyasi. Nikasema si neno, kimeazimwa. Nikazunguka. Nyumba kumi na moja, goti langu likiniuma kwelikweli safari hii, kila mlango nikibisha hodi, nikisalimia, nikiuliza habari za watoto, za mihogo, za migongo ya watu. Wote wakaapa. Fundi wa bati aliapa mara mbili bila kuombwa, nikamshuku yeye miezi miwili na nusu, nikaacha hata kumwitikia vizuri.

Mwezi wa kumi na moja, usiku, simu ikalia mlio wa ujumbe. Ilikuwa sauti ya mpwa wangu, na nyuma yake upepo na watu wanacheka kwa Kiingereza.

"Shikamoo mjomba. Umelalaje? Goti linaendeleaje?"

Nikaketi kitandani. Ikafuata picha. Theluji. Ayala mkubwa amelala chali, tumbo limefunguliwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Na juu ya mbavu zake, kimewekwa kama msalaba, kisu cha springi, mpini wa mninga, waya wa shaba.

"Nilisahau kukuambia mjomba, nilikichukua mara moja tu. Jamaa hapa wote wamekipenda, kinazunguka kambi nzima. Nakirudisha sasa hivi." Upepo ukavuma kidogo. "Na usijali, tumegawana, fungu lako nimekuwekea kwenye friza mpaka nitakapokuja. Nimewaambia mjomba wangu huwa anachukua shingo."